Siku Niliyomeza Mvinyo

Binti yangu wa mwisho nilimrudisha kwa bwana yake mara mbili, na mara zote mbili nilimrudisha na mate yangu mwenyewe.

Kwetu Turkana mate ya mtu mzee si uchafu, ni baraka. Mwanamke akipigwa anakimbilia kwa mama yake. Bwana anamfuata na tumbaku na mbuzi moja, anakaa mbali kidogo, macho kwa mchanga, kwa sababu mkwe hamwangalii mama ya bibi yake usoni. Anasema amekosa. Mama anajaza pombe mdomoni, anamnyunyizia kichwa na kifua, pfff, watu wakiona. Imeisha hapo. Bibi anabeba vitu vyake anaenda na yeye, na wewe mama ukishanyunyiza huna neno tena.

Mara ya kwanza alikuja kwangu Lodwar mkono wake umening'inia kama kamba ya ndoo. Nikamwambia, "Vumilia, hata baba yako alikuwa hivyo." Nikanyunyiza. Mara ya pili alikuja amejifunga shuka kiunoni, na shuka yote imelowa damu, mimba ya miezi mitano imetoka njiani akikimbia kutoka upande wa Kapedo. Mwezi ukaisha, mkwe akafuata. Akakaa kwa kile kiti chake kidogo cha mbao, bunduki kwa magoti, kwa maana alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji, na bunduki ni ya serikali. Akaanza na ile sauti yake, kama fisi anaongea ndani ya mtungi: "Sikia mimi. Mimi ni mwanaume. Sikia mimi." Nikasikia yeye. Nikanyunyiza. Binti yangu hakulia. Aliangalia tu ile pombe ikiteremka kwa kifua cha yule mtu.

Mara ya tatu alifika na meno mawili ndani ya ngumi, ameyashika kama mbegu ya kupanda. Aliyaweka kwa mkono wangu, akaenda kulala.

Hiyo ilikuwa mwaka ule walisema mafuta imepatikana chini ya mchanga wetu. Mkwe hakufuata haraka. Huko Kapedo walikuwa wanapigana na jirani juu ya ng'ombe, na yeye alikuwa na kazi ya kuua na kukimbia. Lakini sisi wote tulijua atakuja, na akija, ni mdomo wangu utaamua.

Lodwar ikajaa watu. Madereva, watu wa ofisi, wazungu na viatu vizito. Binti yangu akapikia kidogo watu wa kambi ya mafuta, akaona wanavyolia kila jioni, "Mvinyo iko wapi? Mvinyo iko wapi?" kama ndama amekosa titi. Akafungua duka ya mabati karibu na lagga, ule mto wetu wa mchanga. Lori ikamletea makatoni: Spain, Portugali, Ufaransa, Italia. Si ile ya wakubwa. Ni ile ya bei ya chini, ile mzungu mwenyewe anamwagia nyama kwa sufuria. Na kwa sababu watu wetu hawanunui kitu hawajui, kila Jumamosi saa tisa mchana alikuwa anafungua chupa nne, watu wanaonja bure, halafu wanachagua.

Nilimcheka mpaka nikakohoa. Mimi nimepika busaa, pombe yetu ya nafaka, tangu nikiwa na matiti ya kusimama. Busaa unaonja hadi uanguke.

Lakini joto ya Lodwar inaweza kuchemsha chupa ikiwa juu ya meza. Barafu ilikuwa hadithi. Mimi ndiye nilimwonyesha: unachimba lagga hadi mchanga uwe mweusi na maji ianze kutoka, unazika chupa kutoka asubuhi, saa tisa unafukua, iko baridi kama pua ya mbwa. Hiyo ikawa kazi yangu. Siku moja punda wa watu wa maji akakanyaga Ufaransa, chupa ikakata kwato hadi ndani. Alipiga mateke, akavunja mbavu ya mwenye punda, damu ikaingia kwa shimo. Tulifukua Spain na Italia zote nyekundu kwa nje. Tukaosha tukapeleka. Watu walionja, wakasifu.

Mwalimu wa kuonja alikuwa Mkongo, mkimbizi wa Kakuma. Zamani kwao alikuwa mtumishi wa meza kwa hoteli kubwa kabla vita haijachoma hoteli pamoja na meza. Kila wiki alikuwa analilia karatasi ya kutoka kambini ili afike kwetu Jumamosi na tai yake shingoni. Alikuwa anashika glasi kwa mguu wake, kama mtu ameshika kuku. "Mama, tusikie kwanza na pua. Hii ya Portugali iko na harufu ya matunda ya mu pori. Sasa unaingiza mu kinywa, unazungusha, unazungusha, kiisha unatema mu ndoo. Usimeze, Mama! Mwenye kumeza anakuwa mulevi, hawezi kujua chupa ya ine iko na ladha gani."

Nikaangalia hiyo ndoo. Baraka yote inaenda ndani, ya nzi.

Siku ya kwanza mimi kuonja kulikuwa na dada moja wa ofisi, wa Nairobi, na blausi nyeupe. Alinisalimia vizuri, "Ejok, mama," ulimi ukigonga meno. Akaniwekea kiti. Akasema, "Aki nyinyi, mko na ile haina sukari? Tumbo yangu inanisumbua." Nikampenda. Nikazungusha Portugali mdomoni vile Mkongo amesema, na nikaona hapa kuna mtoto mzuri na tumbo mbaya, na mimi niko na mdomo umejaa. Nikamnyunyizia yote. Kichwa, kifua, tumbo, pfff.

Akapiga nduru kama mtu amepigwa risasi. "Blausi yangu! Mungu wangu, blausi yangu!" Na kofi. Kwangu. Mimi mwenye wajukuu. Nilianguka juu ya katoni ya Italia, na kabla sijaamka, mwanamke moja wa jirani amemshika nywele, na hizo nywele zikatoka zote kwa mkono wake kwa sababu zilikuwa za duka. Jirani akadhani amemng'oa kichwa. Akazitupa, akakimbia hadi nje akipiga kelele.

Binti yangu akawatuliza, akamweleza dada: huyu mama amekubariki, hajakutemea. Dada akalia, akaniomba msamaha, akaenda amevaa leso kichwani. Wiki mbili baadaye alirudi anacheka. Alikuwa ameomba uhamisho kwa ofisi yao tangu mwaka juzi, na sasa wamempa. "Mama, tafadhali," akasema, "niongeze."

Basi! Lodwar ikasikia. Watu wakaanza kuja Jumamosi hawataki hata kuonja, wanataka tu waonjewe na mimi. Dereva anaenda Lokichoggio, mnyunyizie. Mwanamke hajazaa, mnyunyizie. Mkongo alikuwa anashika kichwa: "Mama, ile ya Ufaransa ni ya chakula ya samaki, si ya kubariki dereva!" Binti yangu alikuwa ananiangalia tu kutoka nyuma ya meza. Hakunicheka, hakunikataza.

Usifikiri ilikuwa mahali pa upole. Mvinyo ile walionja wakitema mara mbili, mara ya tatu wanasahau kutema. Siku ya Spain nyeupe, ile nilisema ni mkojo wa ngamia mwenye homa, madereva wawili walibishana nani ataoga kwanza kwa bomba ya kampuni. Moja akavunja chupa kwa meza, akamchoma mwenzake shavu. Tulimwona ulimi kutoka upande. Alishonwa, na Jumamosi iliyofuata alikuja tena. Alionja Italia, Italia ikatoka kwa nyuzi, tup, tup, kwa shati. Akasema, "Hii ni nzuri." Na mwingine, mkubwa wa tumbo, alimshika binti yangu mkono juu ya meza na hakuachilia. Binti yangu alimpinda kidole nyuma, polepole, akimwangalia, hadi sisi wote tukasikia kidole. Kisha akamwuliza, "Nyekundu ama nyeupe?"

Nilijua hapo kuwa huyu si yule niliyemrudisha. Lakini dawa ya mkwe si kidole. Mkwe ana desturi.

Mwaka ukageuka. Ile habari ya mdomo wangu ikateremka hadi Kapedo. Na mkwe alikuwa na shida: mbuzi zake zimekufa, na kwa mapigano ya mwisho bunduki yake ilikwama, ndugu yake akapigwa risasi ya shingo mbele yake, akafa akimwita. Watu wa rika lake wakamwambia: wewe una laana ya nyumba, bibi yako amelala kwa mama yake kama mjane. Nenda ukanyunyiziwe, umchukue, ndipo tukulipizie ndugu.

Alikuja Jumamosi. Saa tisa na nusu, duka imejaa. Yeye na wanaume wanne wa rika lake, mbuzi moja mweupe, bunduki, tumbaku. Kisu ya mviringo, ile inavaliwa kama bangili, kwa kila mkono. Watu wakajipanga kwa ukuta kama vikombe. Akakaa kwa mlango kwa kile kiti chake, macho chini.

"Sikia mimi," akasema. "Nimekosa. Mimi ni mwanaume, nimekosa. Mama aniwekee mate, mimi niende na bibi yangu. Kesho kutwa tunapigana."

Mkongo alikuwa ameshika Portugali, ile ile nyekundu ya siku ya kwanza. Mzee moja akamnyang'anya, akajaza glasi, akanipa. Watu wote wakanigeukia. Nikajaza mdomo.

Na hapo nikamwangalia binti yangu.

Nilidhani atanililia na macho. Hakuwa ananiangalia hata kidogo. Alikuwa amevua aproni, anaikunja juu ya meza. Mara mbili, mara nne, anaipiga pasi na mkono. Akaweka juu yake ile chuma imejikunja kama mkia wa nguruwe, ya kutoa vizibo. Akaweka na ufunguo. Alikuwa anajitayarisha kwenda. Hakungoja aone nitafanya nini, kwa sababu ananijua.

Portugali ilikuwa imeanza kuchoma ulimi. Nikaimeza.

Ilisikika. Duka yote ilisikia koo yangu, gulp, kama ng'ombe kwa birika.

Mkwe akangoja. "Mama amesahau," akaambia mchanga. "Mpeni tena."

Wakanipa tena. Nikameza. Wakanipa Spain nyeupe. Nikameza mkojo wa ngamia, nikapangusa mdomo na kiganja. Mtu moja huko nyuma akacheka, halafu akaziba mdomo.

"Sikia mimi," mkwe akasema, na sauti imepanda. "Mimi ni mwanaume."

Na mimi nikajibu, kutoka chini kabisa ya tumbo, na ile sauti ya fisi ndani ya mtungi: "Sikia mimi. Mimi ni mwanaume. Nimepiga mimba ya miezi mitano, imenishinda nguvu kidogo, lakini mwisho nimeiangusha."

Nikaendelea na sauti ile ile:

"Sikia mimi. Bunduki yangu imekwama. Ndugu yangu ameniita jina, mara ngapi? Mimi nilikuwa chini ya kichaka. Mimi ni mwanaume ya kichaka."

Hiyo ya kichaka sikuambiwa na mtu. Niliisoma tu kwa mabega yake alipoingia. Wanaume wanne wa rika lake waliangaliana, na moja, mrefu, akatoa kicheko kwa pua, hakutaka, imetoka tu.

Watu wamesema baadaye nilipanga. Nilipanga kumeza tu. Hiyo nyingine ni mdomo wangu, umekuwa hivyo tangu utoto, mama yangu alinichapa juu yake na haukupona.

Aliinuka. Aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu amwoe mtoto wangu. Kisha kitako cha bunduki kikaja. Sikusikia uchungu, nilisikia sauti ndani ya kichwa, kama mtu anavunja kuni kavu kwa goti. Nikawa chini. Meno yangu ya mbele yalikuwa kwa sakafu, moja liliingia chini ya katoni, na nilikuwa natema nyekundu na sijui gani ni mimi na gani ni Portugali. Alinipiga tena kwa bega. Alipiga rafu yote ya chupa, chupa zikaanguka juu yangu, kioo ikaingia kwa mguu. Mkongo alijitupa juu yangu na tai yake na akala teke la mbavu. "Muache Mama! Muache!"

Halafu ikasimama.

Ni wale wanne. Kwetu unaweza kumpiga bibi yako na watu watasema "vumilia", nilisema hata mimi. Lakini kupiga mama ya bibi yako, umemwangalia macho, mbele ya watu, pombe ya baraka ikiwa kwa mkono wake? Huyo amechafua rika yote. Hakuna atakayepigana kando yake tena, risasi itawapata wote. Yule mrefu alimnyang'anya bunduki, wengine wakamkokota hadi mti wa mkoma ule wa nje, wakamfunga. Walimpiga na fimbo hadi fimbo zikaisha, wakakata nyingine. Mimi nilikuwa nimelala upande, naona kati ya miguu ya watu. Alianza na "Mimi ni mwanaume." Akamaliza na sauti sijawahi kuiweza hadi leo, na mimi naweza sauti ya kila mtu. Walimvunja mkono, ule ule upande alivunja wa mtoto wangu. Sijui kama walijua.

Baadaye walienda kwake wakachinja fahali wake wa rangi, yule wa kuimbiwa, wakala wote rika nzima, na ndoa ikafa pamoja na fahali. Yule mrefu alinitumia mafuta ya nundu. Nilinyonya, kwa maana kutafuna ilikuwa imekwisha. Askari walifika kuuliza nani alianza. Nikawajibu, lakini mdomo ulikuwa umevimba, wakaandika hawajui nini.

Lakini ile jioni ya kuumia, jua bado iko. Binti yangu alinibeba mgongoni hadi nyuma ya duka. Maji ilikuwa imeisha, akaniosha uso na Spain nyeupe, ile chupa moja haikuvunjika. Ilichoma kama pilipili. Nilitaka anicheke kidogo, nikasema, "Meno yangu manne, yako mawili, nimekushinda." Ikatoka "fefe, fefe".

Hakucheka. Alikuwa anatoa kioo kwa mguu wangu, moja moja, anaweka kwa kifuniko.

"Ungemeza ile ya kwanza, mama," akasema. "Ile ya mkono. Kabla ya mtoto."

Mimi nina sauti ya padre, ya chifu, ya mbuzi anazaa. Nikamshikia kifuniko tu.

Duka ya Lodwar haikuamka. Watu waliogopa damu ile kwa mlango, na mwenye mabati akataka mabati yake. Tukaenda Kakuma. Mama moja wa Sudan Kusini, mrefu kama nguzo, msalaba mkubwa kifuani, anauza vitenge, alitugawia kona ya banda lake. Bwana yake na wavulana wake wawili walibaki kwa vita huko kwao. Alitazama mdomo wangu, akatazama mapengo ya binti yangu, akasema, "Kalas, ya mama. Mafi mushkila," kwamba imekwisha, hakuna shida, na akasogeza vitenge. Hapo hata Mkongo hahitaji karatasi. Anatembea tu kutoka kambini na tai, mbavu moja imekaa vibaya, anakohoa akicheka.

Jumamosi saa tisa bado ni ile ile. Chupa nne. Wasudani wanapenda nyekundu tamu, vijana wanauliza hii inapiga haraka ama pole, na mara mbili tumefunga banda tukalala chini kwa sababu watu walikuwa wanarushiana mawe nje, na mara moja si mawe. Watu bado wanakuja ninyunyize. Sasa inatoka kwa pengo moja kwa moja, mbali sana, namfikia mtu hajapiga magoti.

Binti yangu hajawahi kuja kupiga magoti. Sijamwita.

Lakini Jumamosi akifungua chupa, glasi ya kwanza ananiletea mimi kabla ya mtu yeyote. Anasimama hapo mbele, mikono kwa aproni, ananiangalia koo. Nazungusha mdomoni, ikivuja kidogo kwa kidevu. Mkongo anapiga kelele kila wiki kama hajawahi kuniona: "Mama, usimeze! Mu ndoo, Mama, mu ndoo!"

"Mwache," binti yangu anamwambia. "Mwache ameze."

Nameza. Anachukua glasi, anaenda kuhudumia watu.